Sura ya Tano: Majirani wa Jane Austen

Wasomaji wanaomaliza Pride and Prejudice kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: huyu mwanamke alitoka wapi? Alikuwa binti wa kasisi wa kijijini, hakuolewa, hakukanyaga chuo kikuu, na alifariki mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 41. Mwanamke wa zama zake hakuwa na kura, hakuweza kuwa wakili wala hakimu, na milango ya Oxford na Cambridge ilikuwa imefungwa kwake. Aliwezaje basi kutoa riwaya iliyoiva namna ile? Wengi hujijibu wenyewe kwamba alikuwa muujiza, mtu asiye na mwalimu wala mtangulizi.

Jibu hilo linampamba Austen lakini linawadhulumu wenzake. Alipochapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1811, wanawake walikuwa wamekwisha kuishika biashara ya riwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muongo ule wa 1810, riwaya mpya za wanawake Uingereza zilizidi zile za wanaume. Baadhi ya waandishi hao walilipwa fedha ambazo Austen hakuwahi kuzishika maishani. Vitabu vyao vilifika ikulu, vilitafsiriwa kwa Kifaransa na Kijerumani, na kurasa zao zilichakaa mikononi mwa waazimaji. Kisha wengi wao wakasahauliwa.

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba wanawake hawa walikuwa wafanyakazi. Walishika kalamu kama fundi anavyoshika randa, ili nyumba ipate kula. Anayetaka kuwaelewa asianze na mapenzi na magauni anayoyaona kwenye filamu. Aanze na fedha: nani alilipa, nani alipokea, na sheria ilisema ni za nani.

Enzi ipi hasa?

Kati ya mwaka 1714 na 1830 Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne mfululizo, wote wakiitwa George. Hiyo ndiyo enzi ya akina George. Tunashughulika na mwisho wake, hasa miaka arobaini kati ya 1778 na 1818. Ndani ya miaka hiyo Uingereza iliyapoteza makoloni yake ya Marekani, iliyatazama kwa hofu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, ilipigana na Napoleon, na mwaka 1807 ikapitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika himaya yake.

Riwaya, yaani hadithi ndefu ya kubuni inayofuata maisha ya watu wanaofanana na wasomaji wake, ilikuwa bado fani changa na yenye sifa mbaya. Wahubiri walidai inawaharibu wasichana. Ushairi mkubwa na historia ndizo zilizokuwa fani za heshima, nazo zilidai Kilatini na Kigiriki, masomo waliyopewa wavulana. Riwaya haikumdai mtu lugha ya kale. Ilimdai awe na jicho la kuona watu na sikio la kusikia wanavyosema. Wanaume wasomi waliudharau mlango huo, na wanawake wakaingia kwa wingi.

Tuweke pia hesabu za fedha mapema, kwa sababu tutazihitaji. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na gini ilikuwa shilingi 21. Kibarua wa shambani alipata takribani shilingi 8 hadi 10 kwa wiki. Pride and Prejudice ilipotoka mwaka 1813 iliuzwa kwa shilingi 18. Kitabu kimoja kilikuwa sawa na kazi ya jembe ya wiki mbili hivi.

Binti aliyebadili mwandiko wake

Frances Burney alizaliwa mwaka 1752. Baba yake, Charles Burney, alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa London na mwandishi wa historia ya muziki. Frances alimnakilia baba yake miswada, na kwa hiyo mwandiko wake ulijulikana kwa wachapaji. Alipomaliza riwaya yake kwa siri, alilazimika kuinakili yote upya kwa mwandiko wa kujifanya, usiku usiku, ili asitambuliwe. Mdogo wake wa kiume, Charles, ndiye aliyeupeleka mswada kwa mchapishaji Thomas Lowndes kwa jina la uongo.

Riwaya hiyo, Evelina, ilitoka Januari 1778 bila jina la mwandishi. Inasimulia kwa njia ya barua habari za msichana wa miaka 17 aliyelelewa mashambani, anayeingia London bila kujua desturi za mjini. Hajui kwamba ukimkatalia mwanamume mmoja kucheza naye dansi hupaswi kumkubalia mwingine, na kosa hilo dogo linamtesa usiku mzima. Hapo ndipo uzuri wa Burney ulipo. Alitambua kwamba kwa msichana asiye na mali, sebule ni uwanja wa hatari, na neno moja lililotamkwa vibaya laweza kumharibia maisha. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, aliisifu sana. Baba mtu aligundua miezi kadhaa baadaye kwamba kitabu kinachozungumzwa na mji mzima kilitoka chini ya paa lake.

Lowndes alimlipa gini 20 tu. Kitabu kilichapwa tena na tena, na faida ikabaki kwa mchapishaji.

Burney alijifunza. Riwaya yake ya pili, Cecilia, ya 1782, ilimpa pauni 250. Kisha akaajiriwa ikulu kumhudumia Malkia Charlotte kuanzia 1786 hadi 1791, kazi iliyomlipa pauni 200 kwa mwaka na kumdhoofisha afya. Alipoolewa na Alexandre d'Arblay, mkimbizi wa Kifaransa asiye na mali, aliamua kwamba riwaya ya tatu haitauzwa kwa bei ya kutupa. Camilla, ya 1796, ilitolewa kwa kuchangisha wanunuzi kabla ya kuchapwa. Zaidi ya watu elfu moja walitanguliza gini moja kila mmoja, majina yao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu, kisha haki ya kukichapa ikauzwa kwa pauni 1,000. Kwa jumla Camilla ilimletea kama pauni 2,000, mshahara wa ikulu wa miaka kumi, na fedha hizo zikajenga nyumba ambayo familia iliiita kwa jina la kitabu.

Katika orodha ile ya wanunuzi yumo msichana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Steventon. Ni Miss J. Austen.

Njia nne za kutoa kitabu

Neno hakimiliki litatokea mara nyingi hapa. Ni haki ya kuchapa na kuuza kitabu fulani, na kwa sheria za wakati huo ilidumu miaka kadhaa tu kabla ya kitabu kuwa cha kila mtu. Mwandishi alikuwa na njia hizi:

- Kuuza hakimiliki moja kwa moja. Unapokea fedha mara moja na hupati senti zaidi hata kitabu kikiuzwa miaka mia. Ndivyo Evelina ilivyotoka.
- Kuchangisha wanunuzi kabla, kama Camilla. Njia hii ilifaa mwenye jina kubwa na marafiki wengi, na iliwaaibisha walioona inafanana na kuomba.
- Kuchapisha kwa gharama yako. Mchapishaji anasimamia kazi na kukata kamisheni, faida ni yako, na hasara pia ni yako.
- Kugawana faida na mchapishaji baada ya gharama kulipwa.

Mwenye njaa alichagua ya kwanza. Wanawake wengi walikuwa na njaa.

Maktaba za kukodisha, na mwanamke aliyewatisha Waingereza

Ikiwa kitabu kiligharimu mshahara wa wiki mbili, nani alisoma? Jibu ni maktaba za kukodisha, yaani maduka yaliyokutoza ada na kukuazima vitabu kimoja kimoja. Zilikuwapo London, Bath, na katika miji ya pwani ambako watu walikwenda kupumzika. Riwaya iligawanywa katika majuzuu matatu, wakati mwingine manne au matano, na hilo lilimfaa mwenye maktaba: wateja watatu waliweza kusoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na juzuu lake.

Mfanyabiashara aliyeielewa biashara hii kuliko wote alikuwa William Lane wa Leadenhall Street, London. Mnamo 1790 aliipa kampuni yake jina la Minerva Press. Alichapisha riwaya kwa wingi, nyingi za wanawake, na aliwauzia wenye maduka mikoani maktaba nzima iliyokwisha kupangwa. Waandishi wake walilipwa kidogo. Mmoja wao, Eliza Parsons, alikuwa mjane mwenye watoto wanane. Biashara ya mumewe ilikuwa imeteketea kwa moto, mume akafa, naye akaanza kuandika ili awalishe watoto. Wahakiki walizicheka riwaya za Minerva kwa harufu ya haraka. Mimi naona harufu ya mama mwenye watoto wanane.

Kilichouzwa zaidi miaka ya 1790 ni riwaya za gothiki, yaani hadithi za kutisha zenye ngome za kale, njia za chini kwa chini na msichana aliyefungiwa na mwanamume mwenye tamaa ya mali yake. Bingwa wa fani hiyo alikuwa Ann Radcliffe, aliyezaliwa 1764. Mumewe alikuwa mwandishi wa magazeti aliyechelewa kurudi nyumbani kutoka kazini usiku. Nyumba haikuwa na watoto, na katika saa hizo tulivu Radcliffe aliandika. Mwaka 1794 alilipwa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho, kiasi ambacho watu wa biashara ya vitabu walishindwa kukiamini. Mwaka 1797 The Italian ilimpa pauni 800. Milima ya Italia aliyoichora kwa rangi nzito namna ile hakuwahi kuikanyaga.

Msomaji wa leo anaweza kuichoka Udolpho kwa urefu wake, lakini asidanganyike na mizimu. Radcliffe alikuwa na kawaida ya kueleza mwishoni kwamba kila kivuli kilikuwa na sababu ya kibinadamu. Kinachobaki baada ya maelezo hayo ni hofu ya kweli: Emily, shujaa wa hadithi, amefungiwa ngomeni na mume wa shangazi yake anayetaka hati za mashamba. Wasomaji wa kike walilijua jambo hilo bila kufika Italia. Walilijua kutokana na sheria ya nchi yao.

Mali ya mke ilikuwa mali ya mume

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilisema kwamba mwanamke akiolewa, nafsi yake ya kisheria inamezwa na ya mumewe. Hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Fedha alizopata kwa jasho lake zilikuwa za mume, isipokuwa kama wazazi wake walikuwa matajiri wa kutosha kumwekea mali chini ya wadhamini kabla ya ndoa. Talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Hali hii ilianza kubadilika mwaka 1870, na ikabadilika kweli mwaka 1882.

Sheria hiyo ikisomwa kwenye karatasi inaonekana kavu. Maisha ya Charlotte Smith ndiyo yanayoonyesha uzito wake, na ndiyo maana nitakaa kwake kwa muda.

Alizaliwa 1749 katika familia ya wenye ardhi. Hakuwa ametimiza miaka 16 alipoozwa kwa Benjamin Smith, mtoto wa tajiri, kijana mkorofi na mtupaji wa fedha. Alizaa naye watoto kumi na wawili. Baba mkwe, Richard Smith, alimjua vizuri mwanawe, na akaona kwamba mwenye akili nyumbani mle ni mkaza mwana. Kwa hiyo aliandika wosia wa kuwaachia wajukuu wake mali, ili baba yao asiifikie. Aliuandika mwenyewe, bila wakili, kwa maneno yenye utata. Alipofariki mwaka 1776 mawakili waliingia, na kesi ikaingia katika mahakama ya Chancery, iliyojulikana kwa kula miaka ya watu. Ilikwisha mwaka 1813. Charlotte alikuwa amekwisha kufa miaka saba nyuma.

Tusilipite haraka jambo hili pia: utajiri uliogombewa ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya Karibi na mashamba ya Barbados yaliyolimwa na watumwa. Mama aliyelia kwamba wanawe wamenyimwa haki yao alikuwa akidai, pamoja na mengine, mazao ya watu walionyimwa kila haki. Hakuwa kipofu kabisa. Katika riwaya yake Desmond, ya 1792, wahusika wanabishana kuhusu utumwa, naye haufichi msimamo wake wa kuupinga. Lakini mkanganyiko huo aliuishi mpaka mwisho, na kumpenda mwandishi hakutulazimishi kuufunika.

Mwaka 1783 Benjamin alitiwa katika gereza la wadaiwa, mahali walipofungwa watu walioshindwa kulipa madeni. Charlotte alikaa naye mle kwa sehemu ya kifungo chake, na humo akaandaa kitabu cha mashairi kilichotoka 1784 na kupendwa sana. Mwaka 1787 akaondoka kwa mumewe, akachukua watoto, na mwaka uliofuata akatoa riwaya yake ya kwanza, Emmeline. Baada ya hapo hakupumzika: riwaya kumi ndani ya miaka kumi na moja, pamoja na mashairi na vitabu vya watoto. Alilipwa takribani pauni 50 kwa kila juzuu, na msomaji anayeshangaa kwa nini The Old Manor House ina majuzuu manne anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mume aliyekwisha kuachwa aliendelea kujitokeza kudai fedha, na sheria ilikuwa upande wake.

Tofauti na wenzake wengi, Smith aliweka jina lake kwenye vitabu, na katika dibaji alieleza wazi kwamba anaandika kwa sababu wadhamini wamezuia mali ya watoto wake. Wahakiki walimlaumu kwa kuanika mambo ya nyumbani. Alikuwa ameyatia mambo hayo pia ndani ya hadithi zenyewe. Mawakili wake wa kubuni ni wanene na waongo, waume ni mizigo ya madeni, na katika The Banished Man, ya 1794, yumo mama mwandishi wa riwaya anayefukuzana na wadai na mchapishaji huku watoto wakimsubiri. Sijui picha ya kazi ya uandishi iliyo ya kweli kuliko hiyo katika riwaya za karne ile. Benjamin alifia gerezani kwa madeni Februari 1806. Charlotte, mikono ikiwa imepinda kwa ugonjwa wa viungo, alifariki Oktoba mwaka huo huo.

Kwa ufupi, hadi hapa tumeona mambo matatu:

- Riwaya iliwafungukia wanawake kwa sababu haikudai elimu waliyonyimwa.
- Malipo yalitegemea aina ya mkataba kuliko ubora wa kitabu.
- Mwandishi aliyeolewa alifanya kazi huku sheria ikimhesabia mumewe mapato.

Kwa mwanga huo, hali ya Elizabeth Inchbald inaeleweka. Mwigizaji huyu wa jukwaani alifiwa na mumewe mwaka 1779, akakataa kuolewa tena, akaandika tamthilia kadhaa na riwaya iitwayo A Simple Story, ya 1791, akawekeza akiba yake na kuishi kwa faida yake. Mjane alikuwa na kitu ambacho mke hakuwa nacho, yaani sahihi yake mwenyewe.

Kwa nini majina yalifichwa?

Sense and Sensibility, ya 1811, haikuwa na jina la Austen. Ilisema tu kwamba imeandikwa na bibi mmoja. Wengi huchukulia kwamba wanawake walijificha kwa sababu walikatazwa kuandika. Hakuna aliyewakataza. Wanaume pia walijificha: Walter Scott alitoa Waverley mwaka 1814 bila jina na hakukiri hadharani mpaka 1827. Riwaya ilikuwa fani ya hadhi ya chini, na mtu wa heshima hakuharakisha kuhusishwa nayo.

Hata hivyo mwanamke alikuwa na la ziada la kuogopa. Mary Wollstonecraft, mtetezi wa haki za wanawake aliyeandika pia riwaya, alifariki mwaka 1797 siku chache baada ya kujifungua. Mwaka uliofuata mumewe, William Godwin, kwa mapenzi na bila hekima, alichapisha habari za maisha yake, pamoja na mtoto aliyemzaa nje ya ndoa na jaribio lake la kujiua. Maadui wakapata silaha. Kwa miaka mingi mwanamke aliyetetea elimu au haki aliweza kunyamazishwa kwa kutajiwa jina hilo moja. Mary Hays, aliyekuwa rafiki yake na aliyethubutu katika Memoirs of Emma Courtney ya 1796 kumwandika mwanamke anayetamka mapenzi yake kwanza, alifanywa kichekesho katika riwaya ya mwanamke mwenzake. Baada ya hapo, waandishi wa kike walijifunza kusema mambo makali kwa sauti ya upole. Nafikiri sehemu ya upole wa Austen imetoka huko.

Mtoto ambaye Wollstonecraft alikufa kwa kumzaa alikua, na Januari 1818, akiwa na miaka 20, akatoa Frankenstein bila jina, nakala 500. Wahakiki walidhani ni kazi ya mwanamume. Jina lake, Mary Shelley, liliwekwa katika toleo la 1823.

Daftari la hesabu la Austen

Sasa tumweke Austen mahali pake, katikati ya wenzake. Mwaka 1803 aliuza mswada kwa mchapishaji wa London kwa pauni 10. Mchapishaji hakuuchapa. Ulikaa kabatini miaka kumi na mitatu, mpaka familia ikaununua tena kwa bei ile ile mwaka 1816. Ndio uliokuja kuwa Northanger Abbey.

Kwa Sense and Sensibility alichukua njia ya tatu katika orodha yetu, gharama zake na hatari yake, akapata faida ya pauni 140. Kisha akafanya uamuzi ambao kila mwandishi anayeusoma huumia. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa mchapishaji Thomas Egerton kwa pauni 110. Alikuwa ameomba 150. Kitabu kilipata toleo la pili mwaka ule ule, na la tatu baadaye, na yeye hakupata kitu zaidi. Mchapishaji mwingine, John Murray, alimpa pauni 450 kwa hakimiliki za riwaya tatu pamoja, naye akaikataa kama ndogo. Akachapisha Emma kwa gharama zake, nakala 2,000, na wakati huo huo toleo la pili la Mansfield Park. Toleo hilo halikuuzika, hasara yake ikakatwa kwenye faida ya Emma, na akapokea pauni 38 na shilingi 18.

Linganisha na Maria Edgeworth wa Ireland. Katika Castle Rackrent, ya 1800, alimwachia mtumishi mzee, Thady, asimulie kwa lahaja yake anguko la mabwana wa shamba, na kwa hilo alifungua njia ambayo Scott alikiri kuifuata. Kwa Patronage, ya 1814, Edgeworth alilipwa pauni 2,100. Ni zaidi ya mara tatu ya jumla ya fedha ambazo Austen alizipata kwa uandishi katika uhai wake.

Austen mwenyewe hakujiona muujiza. Ndani ya Northanger Abbey anasimamisha hadithi ili awatetee waandishi wa riwaya, na vitabu anavyovitaja kwa fahari ni Cecilia na Camilla za Burney na Belinda ya Edgeworth. Maneno yaliyokuja kuwa jina la kitabu chake maarufu yanarudiwa katika kurasa za mwisho za Cecilia. Alimpelekea Edgeworth nakala ya Emma. Alijua alitoka kwa nani.

Walipoteaje, basi?

Mwaka 1810 Anna Laetitia Barbauld alihariri mkusanyo wa riwaya za Kiingereza katika majuzuu 50, na humo Burney, Inchbald, Radcliffe, Smith na Edgeworth walikaa pamoja na wanaume bila kuombewa nafasi. Miaka mia moja baadaye, vitabu vya historia ya fasihi viliruka kutoka kwa wanaume wa katikati ya karne ya 18 hadi kwa Scott na Austen, kana kwamba katikati palikuwa na ukimya. Mafanikio ya Scott yaliifanya riwaya iwe kazi ya heshima kwa wanaume, na waliokuja kupanga nani asomeshwe vyuoni waliona nafasi ya mwanamke mmoja inatosha. Nakala za maktaba za kukodisha zilikuwa zimechakaa na kutupwa. Hata riwaya za kutisha zinazotajwa kwa majina katika Northanger Abbey, mbili kati yake za Eliza Parsons, ziliaminika kwa muda mrefu kuwa Austen alizibuni tu, mpaka watafiti wa karne ya 20 walipozipata zote saba.

Katika miaka ya 1980 wachapishaji wa vitabu vya wanawake walianza kuzitoa upya. Mwaka 2003 jumba la Chawton House, katika kijiji alichoishi Austen na lililokuwa mali ya kaka yake Edward, lilifunguliwa kuwa maktaba ya waandishi wa kike wa zamani.

Pa kuanzia

Hakimiliki za vitabu hivi zilikwisha zamani, na vingi vinapatikana bure kwenye intaneti. Ningeanza hivi:

- Evelina ya Burney, kwa sababu ni nyepesi kusoma na inachekesha mpaka leo.
- Castle Rackrent ya Edgeworth. Ni fupi, na unaweza kuimaliza kwa siku mbili.
- A Simple Story ya Inchbald, hasa nusu yake ya kwanza, yenye mazungumzo makali ya mwigizaji aliyejua jukwaa.
- The Old Manor House ya Smith, ukiwa na likizo.
- Belinda ya Edgeworth, lakini utafute toleo la 1801. Humo Juba, mtumishi mweusi aliyetoka Jamaica, anamwoa Lucy, binti wa Kiingereza wa mashambani. Katika toleo la 1810 ndoa hiyo iliondolewa.
- The Woman of Colour, ya 1808, iliyotoka bila jina. Olivia Fairfield, binti wa mwenye shamba wa Jamaica na mwanamke mtumwa, anasafiri baharini kwenda Uingereza kuolewa na binamu yake ili aweze kurithi mali ya baba yake. Anaandika barua njiani, na anawaona Waingereza vizuri zaidi kuliko wao wanavyomwona.